Sungura, mayai na bomba la maji: sikukuu za majira ya kuchipua zimetoka wapi, na magari ya msosi yanaingiaje humo

Ijumaa ya tarehe 10 Aprili 2026, saa kumi na mbili na nusu jioni, nimeingiza gari kwenye uwanja wa kituo cha zimamoto cha mji wetu mdogo hapa Pennsylvania, watoto huko nyuma washafungua mikanda wanagombania nani ataagiza kwanza, na uwanja mtupu. Hakuna gari la msosi hata moja, hakuna jenereta inayonguruma, hakuna foleni, kuna mama mmoja tu anatembeza mbwa wake na baridi inauma masikio. Mwaka uliotangulia ule Usiku wa Magari ya Chakula, ambapo magari yenye jiko ndani yanakusanyika kuuza msosi, ulifunguliwa Ijumaa tarehe 25 Aprili, siku tano baada ya Pasaka, picha ninazo kwenye simu, kwahiyo kichwani nishafunga hesabu kwamba hii shughuli inaifuata Pasaka, watu wanamaliza mfungo, wanamaliza mayai, alafu mji mzima unatoka nje kula. Pasaka ya 2026 ilikua tarehe 5, Ijumaa inayofuata ni tarehe 10, nikabeba familia.

Kesho yake nikakutana na mzee anayeratibu ile shughuli, mstaafu ambaye bado anajitolea zimamoto, nikamuuliza mbona mwaka huu Pasaka imepita na hamjafungua. Akanishangaa. Akasema Pasaka haihusiki kabisa, ni maji.

Na ni maji kweli. Gari la msosi kwa nje unaona dirisha na menyu, lakini ndani ni kama kajumba kadogo, lina tangi la maji safi, lina tangi la maji machafu, lina sinki za kuoshea vyombo na sinki ya peke yake ya kunawa mikono, na mabomba membamba yanapita chini ya sakafu ambako hakuna joto lolote. Kanuni za usafi wa chakula ambazo majimbo mengi ya huku yanazifuata zinataja mpaka ukubwa wa matangi, la maji machafu lizidi la maji safi kwa asilimia 15 ili lisije likajaa likamwaga barabarani. Sasa mwanzoni mwa Aprili usiku wa hapa kwetu bado maji yanaganda, na maji yakiganda ndani ya bomba yanavimba yanalipasua, na bomba likipasuka mwenye gari kapoteza biashara ya wikiendi nzima na hela ya fundi juu yake. Walishaumia huko nyuma, wakakubaliana iwe Ijumaa ya mwisho ya Aprili kila mwaka, Pasaka iwe wapi isiwe wapi. Mwaka 2025 zilisogeleana tu.

Jibu la mzee limenikaa kichwani kwasababu wiki hiyohiyo kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa huku palikua pamechafuka. Mmoja kaleta klipu inayosema Pasaka ni sikukuu ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, mwingine kajibu kwa aya, wa tatu anasema sungura ni ibada ya uzazi na tusiwape watoto chokoleti zile, na mimi nikaona tunafanya kosa lilelile nililolifanya kwenye uwanja wa zimamoto: tumeona vitu viwili vimekaa karibu, tukavifunga kamba moja. Kila moja ya hizi sikukuu ina kisa chake, na ina bomba lake, yaani sababu ya kawaida kabisa ya shambani au jikoni iliyoifanya ikae pale ilipokaa, na hivi viwili usipovitenganisha utabishana mpaka kesho.

Tuanze na jina maana ndo linaleta fujo. Waingereza na Wajerumani wanaiita siku hii Easter na Ostern, lakini lugha nyingi zinatumia neno lililotoka kwenye Pesach, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kutoka Misri. Wafaransa wanasema Pâques, Wahispania Pascua, Waethiopia Fasika, na sisi Pasaka. Kwahiyo hoja ya Ishtar inaangukia hapohapo, kwasababu sikukuu yenyewe ilisherehekewa kwa Kigiriki na Kilatini karne na karne kabla hajatokea Muingereza wa kuiita Easter. Na hilo jina la Kiingereza maelezo yake yanatoka kwa mtu mmoja, mtawa Bede wa kaskazini mwa Uingereza, ambaye mwaka 725 aliandika kwamba wenyeji zamani mwezi unaolingana na Aprili waliuita Eosturmonath kwa ajili ya mungu wa kike Eostre, na sikukuu mpya ikarithi jina la mwezi. Basi, ni hapo tu. Hakutaja sungura, hakutaja mayai. Zaidi ya miaka 1100 baadaye, mwaka 1835, Jacob Grimm, yule wa ngano za Kijerumani, ndo akakisia kutokana na jina kwamba Wajerumani nao walikua na mungu wao Ostara, na waliokuja nyuma yake wakamuongezea na sungura. Jina la mwezi kubaki sio ibada kubaki, Januari imeitwa kwa Janus mungu wa Warumi na hakuna anayeingia Januari akimsujudia, anaingia anatafuta ada ya shule.

Tarehe sasa. Hapa sisi Waswahili tuna faida kuliko wengi, kwasababu tumekulia kwenye ugomvi wa mwezi. Usiku wa 29 wa Ramadhani watu wako nje wanaangalia juu, huku wanasema umeandama, kule bado, wengine wanafuata Saudia, na asubuhi mtaa mmoja una pilau na mwingine umefunga. Wakristo wa mwanzo walipita palepale. Wengine waliifanya Pasaka siku ileile ya Wayahudi, tarehe 14 ya mwezi wao wa Nisani, iwe Jumatano iwe Ijumaa, wengine wakashikilia lazima iwe Jumapili, na wengine wakalalamika kwamba kuwasubiria Wayahudi watangaze mwezi wao ni kujifunga kwenye kalenda ya mwenzio. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ukasema wote wafanye siku moja, na hesabu iliyokuja kushika ni ile waliyoipika wataalamu wa Aleksandria: Jumapili inayofuata baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, siku waliyoihesabu kuwa mchana na usiku vinalingana. Ndo maana Pasaka haiwezi kuwahi kabla ya Machi 22 wala kuchelewa kupita Aprili 25.

Lakini huo mwezi mpevu ni wa kwenye jedwali, sio huu unaouona dirishani. Mwaka 2019 mchana na usiku vililingana tarehe 20 Machi, na saa chache tu baadaye mwezi ukapevuka, kwahiyo kwa macho Pasaka ingekua tarehe 24 Machi, ila jedwali la kanisa likasema mwezi huo hauhesabiki, na Pasaka ikaja kuangukia tarehe 21 Aprili, karibu mwezi mzima baadaye, na hakuna aliyekosea, walifuata karatasi. Alafu kuna Waorthodoksi, Wakristo wa mashariki kama Wagiriki. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda kwa kuruka siku 10, watu wakalala Oktoba 4 wakaamka Oktoba 15, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi hayakukubali kubadili hesabu ya Pasaka, na tofauti hiyo sahivi imefika siku 13. Machi 21 yao ni Aprili 3 yetu. Ndo maana mwaka 2024 Pasaka ya magharibi ilikua Machi 31 na yao Mei 5, mwaka 2025 zote mbili zikakutana Aprili 20, na 2026 yao ikawa Aprili 12. Hii Pasaka yao naomba muikumbuke, itarudi.

Mayai yenyewe ndo yamenifurahisha kuliko vyote kwasababu bomba lake liko wazi kabisa. Zamani kanisa lilikataza kwenye Kwaresima sio nyama tu, hata maziwa na mayai. Sasa wewe umefunga lakini kuku hajui Kwaresima. Na kuku wa zamani, kabla ya taa za umeme bandani, alikua anataga kwa kufuata mwanga, siku zikiwa fupi wakati wa baridi anaacha, siku zikirefuka Februari na Machi anaanza upya kwa nguvu, yaani wakati ambapo watu wamekatazwa kula mayai ndo wakati kuku yuko kazini kuliko miezi yote. Siku 40 hizo mayai yanajaa kapu. Unayachemsha yasiharibike haraka, unayapaka rangi, Waorthodoksi wanapenda nyekundu, unayapeleka kanisani kubarikiwa, na siku ya Pasaka watoto wanapewa mpaka wanachoka. Maana ya ufufuo, uhai uliofungwa ndani ya ganda, ni kweli watu waliihubiri na wanaihubiri, siipunguzi hata kidogo. Nasema tu kwamba kapu lilijaa kwa sababu yake.

Mafuta nayo hivohivo. Hapa Pennsylvania wazawa wa wale Wajerumani waliohamia karne ya 18, ambao watu wanawaita Pennsylvania Dutch, Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu wanapika kitu wanakiita fasnacht, na siku ya kwanza jirani alivyoniletea sahani nilimwambia mke wangu haya ni maandazi. Unga umechanganywa na viazi vya kuponda, umekatwa vipande vya pembenne, umekaangwa kwenye mafuta ya nguruwe, nje kakavu kidogo ndani kalaini, yeye anayapasua katikati anapaka asali nyeusi. (Sisi tulikula ya mama mwingine aliyekaanga kwa mafuta ya mimea, ladha haikuachana sana.) Jina lenyewe maana yake ni usiku wa kuamkia mfungo, na sababu ni kumaliza mafuta na sukari yaliyobaki ndani kabla hayajakatazwa. Kama vile kwetu pwani watu wanavyokula vunjajungu kabla ya Ramadhani, mwezi unakaribia, watu wanajikusanya wanakula wanaagana na mchana.

Na sungura, huyo hajatoka Babeli, katoka Ujerumani. Daktari mmoja, Georg Franck von Franckenau, mwaka 1682 aliandika kuhusu watu wa upande wa Alsace wanaowaambia watoto kwamba kuna sungura anataga mayai ya Pasaka na kuyaficha majanini. Na haikua sungura peke yake, kuna sehemu za Ujerumani aliyeleta mayai alikua mbweha, Uswisi kuna walioambiwa ni ndege aina ya kekeo, kwahiyo anayesema sungura ni mungu wa uzazi atueleze na mbweha ni mungu wa nini. Ni hadithi ya kuwachangamsha watoto watafute mayai. Wahamiaji walewale wa maandazi ndo walioileta Pennsylvania, watoto wakawa wanatengeneza viota kwa kofia zao usiku ili sungura aje kutagia humo, na kutoka hapa ikasambaa Marekani nzima. Washington watoto walikua wanavingirisha mayai kwenye kilima cha Bunge mpaka nyasi zikaisha, Bunge likapitisha sheria mwaka 1876 kulinda bustani yake, na Pasaka ya 1878 Rais Rutherford Hayes akawafungulia geti la Ikulu. Wanavingirisha huko mpaka leo.

Sasa turudi kwetu kidogo, kwasababu watu wanadhani sisi hatuna sikukuu ya kuchipua. Kweli hatuna majira hayo, Machi kwetu ni masika na matope. Lakini nenda Makunduchi, kusini Unguja, mwezi wa saba, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili wanapigana kwa vipande vya migomba kutoa vinyongo vya mwaka mzima, wanawake wanapita wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa moto na mganga yuko ndani alafu anachomoka mbio, baada ya hapo ni kula, na nyumba isiyo na mgeni siku hiyo inajiona ina kasoro. Jina la zamani la siku hii ni Nairuzi, neno la Kiajemi, siku mpya, ndo Nowruz ileile ambayo Wairani wanaisherehekea Machi 20 au 21 majani yakianza kutoka. Imefikaje Julai?

Wazee wa pwani mwaka wao waliugawa kwa miongo, siku kumikumi, miongo 36 na siku tano za juu, jumla 365, na mabaharia na wakulima walihesabia humohumo pepo na mvua. Shida ni kwamba mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Hiyo robo usipoiweka popote, kila miaka minne mwaka mpya unawahi kwa siku moja. Haisikiki, mtu mmoja katika maisha yake ataona umesogea wiki mbili tatu. Lakini hesabu mwenyewe, kutoka Machi 21 ukirudi nyuma kupitia Februari, Januari, Desemba, mpaka Julai 23 hivi, ni siku 241, na kwa mwendo wa siku moja kila miaka minne na kidogo unapata karibu miaka 1000. Wairani waliurekebisha wa kwao mwaka 1079, mmoja wa wanajimu waliokaa kwenye kazi hiyo akiwa Omar Khayyam, wakaipigilia misumari siku yao kwenye Machi. Pwani wakaendelea na ile ya zamani. Kwahiyo ile ya Makunduchi ni ndugu wa sikukuu za kuchipua, imetembea tu, na mimi kila nikiifikiria hii hesabu najisikia fahari ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwamba jambo ambalo watoto wa kule wanalikuta tu wakizaliwa lina mahesabu ya anga ya miaka elfu ndani yake. Ukiziweka pamoja ndo unaelewa: Idi inafuata mwezi peke yake na ndo maana inazunguka mwaka mzima ikiwahi siku kama 11 kila mwaka, Pasaka inafuata mwezi uliofungwa kamba kwenye jua, na Nairuzi inafuata jua lililosahauliwa robo.

Za Wamarekani wenyewe nitapita haraka. Mei Mosi ambayo Tanzania na Kenya tunapumzika na kuandamana na mabango imetoka Chicago, wafanyakazi waligoma Mei 1 mwaka 1886 wakidai siku ya kazi iwe ya masaa 8, Mei 4 bomu likalipuka kwenye mkutano wa Haymarket, watu wakafa, viongozi wanne wakanyongwa mwaka uliofuata, na mkutano wa vyama vya kisoshalisti Paris mwaka 1889 ndo ukaifanya siku ya dunia. Hapa ilipozaliwa ni siku ya kwenda kazini kama kawaida, wao walipewa Jumatatu ya kwanza ya Septemba mwaka 1894. Siku ya Akina Mama ilianzishwa na Anna Jarvis, ibada ya kwanza ilifanyika Grafton, West Virginia, Mei 10 mwaka 1908, na kwanini Mei, kwasababu mama yake alifariki Mei 9 mwaka 1905, hilo tu, ni msiba wa binti mmoja, na Rais Wilson akaitangaza kitaifa mwaka 1914. Jarvis alikuja kupigana miaka mingi na wauza maua na kadi, akaona wamemgeuzia kilio chake kuwa duka, akafa mwaka 1948 akiwa kwenye nyumba ya wagonjwa hapahapa Pennsylvania.

Ila Siku ya Kumbukumbu ya wanajeshi, ile ya Jumatatu ya mwisho ya Mei, siwezi kuipita hivihivi, maana ni miji midogo ndo inaigombania. Boalsburg ya hapa Pennsylvania wanasema wao, 1864. Waterloo ya New York wanasema wao, Mei 5 mwaka 1866, na hao wana karatasi, Rais Johnson aliwatambua rasmi mwaka 1966. Columbus ya Mississippi nao wamo. Na kuna Charleston, South Carolina, Mei 1 mwaka 1865, vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe imeisha juzi tu, watu weusi waliotoka utumwani waliwazika upya kwa heshima wanajeshi 257 waliokua wamefukiwa ovyo kwenye uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa gereza, wakajenga uzio, alafu watu kama 10,000 wakaandamana, watoto wa shule mbele wakiwa na maua, na baada ya maombi wakakaa majanini wakala. Magazeti ya wakati huo yaliandika, alafu nchi ikasahau kwa zaidi ya miaka mia. Mimi kwa upande wangu nikiambiwa nichague mwanzo, nachagua huo. Amri ya kitaifa ilikuja mwaka 1868 kutoka kwa Jenerali John Logan, ikapewa Mei 30, siku ya kupamba makaburi kwa maua, na mwisho wa Mei hata majimbo ya baridi yana maua. Ikahamishiwa Jumatatu kuanzia mwaka 1971 ili watu wapate wikiendi ndefu.

Sasa magari ya msosi. Watu wanaona ni mambo ya juzi ya vijana wa mjini, lakini mwaka 1866 huko Texas Charles Goodnight alichukua gari la kukokotwa la jeshi akalitengenezea makabati ya maharage na kahawa kulisha wachunga ng'ombe njiani, na mwaka 1872 Walter Scott wa Providence, Rhode Island, akaegesha kigari chake nje ya ofisi ya gazeti akawauzia wafanyakazi wa usiku kahawa na mikate ya kujazwa migahawa ikiwa imefungwa. Los Angeles wauza tamale wa Kimeksiko walikua na mikokoteni kabla hata karne ya 20 haijaingia, na mwaka 1974 Raul Martinez alinunua gari la aiskrimu akaligeuza la tacos. Haya ya kisasa yenye foleni na picha mtandaoni yanahesabiwa kutoka mwaka 2008, Roy Choi na wenzake walivyotoa tacos za nyama ya Kikorea hukohuko Los Angeles wakawa wanatangaza Twitter gari liko wapi usiku huo, na mwaka huohuo uchumi ukaanguka, wapishi wengi wakakosa kazi, kufungua mgahawa ni hela ndefu, gari ni nafuu.

Mji mdogo una hesabu yake tofauti. Gari moja likikaa kila siku kwenye mji wa watu elfu tatu litakufa njaa, wateja wataisha Jumatano. Lakini magari matano yakija siku moja kwa mwezi, mji mzima unatoka, baba anataka nyama, mtoto anataka aiskrimu, bibi anataka samaki, hakuna anayemlazimisha mwenzie, na kesho kila gari linaenda mji mwingine. Ndo maana ni usiku mmoja na sio kila usiku. Wenye migahawa wengine hawapendi, wanalipa kodi ya jengo mwaka mzima alafu mtu anakuja na magurudumu siku ya mavuno, na hoja yao sio ya kupuuza, Chicago wana sheria gari la chakula lisisimame ndani ya futi 200 kutoka kwenye mgahawa, kama mita 60, na mahakama kuu ya jimbo iliikubali mwaka 2019. Kwetu wamemaliza kwa kuweka uwanja wa zimamoto, mbali kidogo na barabara kuu, na sehemu ya ada inaenda kwenye vifaa vya zimamoto. Na saa nazo zinasaidia, tangu mwaka 2007 huku wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwahiyo mwisho wa Aprili saa moja na nusu jioni bado unaona uso wa mwenzako vizuri.

Tarehe 24 Aprili nikarudi. Safari hii jenereta nilizisikia kabla sijafika kona. Gari la kwanza tacos, kwenye dirisha wameshabandika tangazo la Mei 5, nikasikia mtu nyuma yangu anawaeleza wanae kwamba ndo uhuru wa Meksiko, na sivyo, uhuru wao ni Septemba 16, Mei 5 ni siku jeshi la Meksiko chini ya Ignacio Zaragoza lilipowapiga Wafaransa pale Puebla mwaka 1862, na waliokua wanaisherehekea sana tangu mwanzo ni Wameksiko wa California. Gari la tatu ni la mama mmoja wa Bukavu, Kongo, trela ndogo nyeupe, anauza sambusa na mandazi. Nikamsalimia kwa Kiswahili akatoa kichwa dirishani, akaniita yaya, yaani kaka kwa wao wa huko. "Karibu yaya! Ngoja kidogo, hii ya nyama iko ya moto sana, itakuunguza." Anazikunja wima palepale, kona ya mwisho anaibana kwa uji wa ngano kwa kidole gumba, mara moja, haangalii hata mkono, anaongea na mteja. Wazungu wawili mbele yangu walikua wanazila kwa sosi ya nyanya na wakarudi foleni.

Wa mwisho kule pembeni ni Mgiriki, mishkaki ya nguruwe na kuku na mkate laini. Nikamwambia kwamba wiki mbili nyuma nilikuja nikakuta patupu, nikamtajia tarehe. Akacheka akasema tarehe 10 hata pangekua na watu mimi usingenikuta, ilikua Ijumaa Kuu yetu, nilikua kanisani. Nikatoa simu palepale nikaangalia mwaka 2027, kwasababu hesabu zilikua bado za moto kichwani. Pasaka ya magharibi itakua Machi 28, mapema kweli, mabomba yatakua bado yanaganda. Ijumaa ya mwisho ya Aprili itakua tarehe 30. Na Pasaka ya Waorthodoksi Mei 2. Nikamuonyesha. Akaangalia, akajifuta mikono kwenye aproni, akamuita mzee wa zimamoto kwa sauti juu ya jenereta, akamwambia mwakani siku ya kufungua msinihesabu, na mzee akachukua kalamu kutoka sikioni akaandika nyuma ya boksi la mikate.